Fonti ya Mwandiko wa Mapambo Inapogoma: Dalili, Sababu na Utatuzi

Fonti ya mwandiko wa mapambo, ile inayoiga kalamu ya ncha kali kwa kunenepa mstari unaposhuka na kukonda unapopanda, hulaumiwa kwa makosa mengi ambayo si yake. Mtu huipakua baada ya kuvutiwa na picha ya tangazo, akaandika jina kwenye kadi au kichwa cha cheti, kisha akaona herufi zimeachana, mikia imekatwa, na madoido aliyoyaona kwenye tangazo hayapo hata moja. Kabla ya kuifuta, yafaa ikumbukwe kwamba herufi za fonti ya aina hii hazikuchorwa ili kila moja isimame peke yake. Kila herufi ndogo ina mstari mwembamba wa kutokea upande wa kulia, na mstari huo umepimwa ufike mahali hasa ambapo herufi inayofuata inaanzia. Matatizo mengi yanayoelezwa hapa chini yana asili moja, nayo ni kwamba kuna kitu kimeingia kati ya herufi na jirani yake: nafasi iliyoongezwa, mpangilio wa programu, mpaka wa kisanduku, au herufi iliyoazimwa kutoka fonti nyingine.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kimoja kwa dalili zote. Fungua waraka mpya, usibadilishe mpangilio wowote, andika neno fupi la herufi ndogo kama vile “maua” kwa ukubwa wa pointi 72, rangi nyeusi juu ya nyeupe, kisha likaribie kwenye skrini mpaka herufi mbili zijaze dirisha. Ikiwa maungio yako sawa hapo, fonti ni nzima na hitilafu iko katika kazi yako ya awali. Ikiwa hayako sawa, rudia jaribio hilo hilo katika programu nyingine, na tofauti kati ya majibu mawili itakuonyesha kama wa kulaumiwa ni programu au ni faili lenyewe.

Herufi haziungani

Hii ndiyo dalili inayoonekana mara nyingi kuliko zote, na sababu yake ya kwanza ni nafasi iliyoongezwa kati ya herufi. Wasanifu wengi wamezoea kuachanisha herufi za vichwa vya habari ili vipumue, na kwa herufi za kawaida zinazosimama wima desturi hiyo haina ubaya. Kwa mwandiko unaoungana ni sumu. Hata nyongeza ndogo sana hufungua ufa kwenye kila ungio, na ufa huo ambao hauonekani kwenye skrini utaonekana vizuri kazi ikichapwa kwenye bango. Rudisha nafasi hiyo kuwa sifuri. Ukiona neno limebanana, ongeza ukubwa wa herufi wala usiongeze nafasi.

Sababu ya pili imejificha zaidi. Baadhi ya programu za usanifu, InDesign na Illustrator zikiwamo, zina njia mbili za kupanga jozi za herufi: moja hufuata vipimo alivyoweka mchoraji wa fonti, na nyingine huyatazama maumbo ya herufi na kukadiria nafasi kwa macho ya kompyuta. Njia hii ya pili husaidia pale ambapo fonti imetengenezwa kwa haraka, lakini mbele ya mwandiko unaoungana haifahamu kwamba mikia ilikusudiwa kugusana, hivyo huisukuma herufi moja mbali na nyingine au huivuta hadi ipandie mwenzake. Chagua vipimo vya fonti yenyewe. Vivyo hivyo, aya iliyonyooshwa kingo zote mbili inaweza kuiruhusu programu itanue nafasi za ndani ya maneno ili mstari ujae, kwa hiyo mwandiko wa mapambo upangwe katikati au uanzie upande mmoja.

Kwenye kurasa za wavuti, sifa ya letter-spacing, inayopanga nafasi kati ya herufi, ikipewa thamani yoyote isiyo sifuri huleta madhara mawili kwa mpigo, kwa kuwa mbali na kufungua nafasi, vivinjari huacha pia kutumia herufi ungani za hiari, yaani herufi mbili au zaidi zilizochorwa kuwa umbo moja. Sifa hiyo mara nyingi haikuandikwa na wewe bali imerithiwa kutoka kwenye mpangilio wa vichwa wa tovuti nzima. Itafute huko juu na uifute kwa kichwa hicho tu. Athari za mwendo zinazofunga kila herufi katika kisanduku chake ili iingie moja baada ya nyingine nazo huvunja maungio, kwa sababu kivinjari hakioni tena neno, kinaona herufi zilizotawanyika. Neno liingie zima, au lifunuliwe polepole kutoka kushoto kana kwamba linaandikwa.

Maandishi yanayofuata mstari uliopinda yana tabia yake. Herufi zikipangwa juu ya mgongo wa duara hupanuka sehemu za juu na maungio ya karibu na mstari wa msingi hubadilika pembe. Zikipangwa ndani ya bonde la duara husongamana vichwa. Duara likiwa kubwa kulinganisha na herufi, tatizo hili halionekani. Likiwa dogo, dawa ni kugeuza maandishi kuwa maumbo na kuzungusha herufi moja moja kwa mkono, kazi inayochosha ambayo kwa maoni yangu haistahili kufanywa mara nyingi: nembo ya mviringo hupendeza zaidi mwandiko ukiwekwa katikati kwa mstari ulionyooka, na herufi za wima zikazunguka pembeni.

Lipo jambo moja linalofanana na hitilafu nalo si hitilafu. Herufi kubwa kama P, F, T, V na W mara nyingi haziungani na herufi inayofuata, kwa kuwa ndivyo zilivyoandikwa kwa kalamu tangu mwanzo. Usizivute kwa nguvu.

Madoido yaliyo kwenye tangazo hayatokei

Picha za matangazo huonyesha herufi mbadala zilizochaguliwa moja moja, ilhali unapoandika unapata umbo la kawaida. Maumbo ya ziada yapo ndani ya faili, lakini yanaitwa kwa vipengele vya OpenType (muundo wa faili za fonti unaobeba maumbo na kanuni za ziada) vyenye majina ya herufi nne: liga kwa herufi ungani, calt kwa mabadiliko yanayotegemea jirani, swsh kwa mikia mirefu, na ss01 hadi ss20 kwa seti za mitindo. Katika Word vipengele hivi vimekuwapo tangu toleo la 2010, kwenye sehemu ya mipangilio ya juu ya fonti, na mara nyingi huwa vimezimwa mpaka mtumiaji avifungue. Programu za usanifu zina paneli ya maumbo inayoonyesha kila kilichomo katika faili, na hapo ndipo pa kuangalia kwanza, kwa sababu umbo lisipokuwemo kwenye paneli hiyo halimo kabisa katika faili ulilonalo. Huenda ni toleo la majaribio, ambalo kwa kawaida huja likiwa na alfabeti tupu.

Kipengele cha calt kinahitaji uangalifu wa pekee, maana katika fonti nyingi za mwandiko hakiongezi pambo bali ndicho kinacholeta ungio sahihi. Herufi kama b, o, v na w humalizikia juu, si chini, na herufi inayofuata inapaswa kuanza na mstari unaopokea kutoka juu. Kipengele kikizimwa, “bora” na “vuli” huonyesha pengo au kigongo baada ya herufi hizo wakati maneno mengine yote yako salama. Ukiona hitilafu inajirudia baada ya herufi zilezile tu, usihangaike na nafasi. Tafuta kipengele hiki.

Tovuti zinazopunguza uzito wa fonti kwa kuacha herufi chache nazo huweza kutupa vipengele pamoja na herufi zilizoondolewa. Faili la woff2, muundo wa fonti uliobanwa kwa ajili ya wavuti, linakuwa dogo na linapakiwa upesi, lakini linabaki kuwa na alfabeti bila akili. Punguza tena kutoka kwenye faili la awali, ukiiagiza zana ihifadhi vipengele vyote vya OpenType.

Wapo wanaonakili herufi yenye mkia kutoka kwenye ramani ya herufi ya kompyuta na kuibandika, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huweka maumbo hayo katika nafasi za Unicode, orodha ya namba inayoipa kila herufi namba yake, zilizoachwa kwa matumizi binafsi. Njia hii hufanya kazi kwa kadi itakayochapwa na kusahaulika. Kwa ukurasa wa wavuti au waraka utakaotafutwa ni mbaya, kwa maana kompyuta haijui kuwa alama hiyo ni “k”. Fonti ikibadilishwa herufi hugeuka kisanduku kitupu, na kisoma-skrini cha asiyeona huiruka.

Mikia imekatwa

Katika uchapaji wa herufi za risasi, sehemu iliyoning'inia nje ya kipande cha herufi ilikuwa dhaifu na iliweza kuvunjika, na hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya mwandiko unaoungana uwe mgumu kwa wachapaji. Uchapaji wa picha, yaani kupanga herufi kwa kuzipiga picha badala ya kutumia vipande vya risasi, uliondoa kizuizi hicho, na fonti ya Snell Roundhand, aliyoichora Matthew Carter katika miaka ya 1960 kwa kufuata mwandiko wa Charles Snell, ni matunda ya uhuru huo. Kompyuta nayo inaruhusu mchoro utoke nje ya eneo la herufi kadiri apendavyo mchoraji, lakini si kila programu hukubali kuonyesha kilichotoka.

Kila fonti hubeba vipimo vya urefu wa juu na wa chini, na baadhi ya programu za Windows, hasa za zamani, huvichukua kama mpaka wa kukatia. Mkia wa “g” au kilemba cha “L” kikivuka mpaka huo, hukatwa kama kwa wembe, kwa mstari ulionyooka kabisa. Unyoofu huo ndio ushahidi: mkato ulionyooka ni wa mpaka, na mkato wenye umbo lisiloeleweka ni wa faili lililoharibika. Zapfino ya Hermann Zapf, iliyotolewa mwaka 1998, ni mfano mzuri wa ukubwa wa tatizo, kwa kuwa herufi zake ndogo ni fupi sana kulinganisha na mikia yake, na mistari miwili ya maandishi hayo iliyopangwa kwa nafasi ya kawaida huingiliana bila huruma.

Kwanza hakikisha kama kilichokatwa kimekatwa kweli au ni skrini tu, kwa kutoa PDF na kuitazama. Mara nyingi utakuta mkia upo salama. Ikiwa umekatwa hata kwenye PDF, ongeza nafasi kati ya mistari, tanua kisanduku cha maandishi, na katika Word badilisha nafasi ya mstari isiwe ya kipimo kamili kilichofungwa. Kwenye wavuti, kagua kama kisanduku kimeamriwa kuficha kinachotoka nje, kisha kiongezee nafasi ya ndani juu, chini na hasa kushoto na kulia, kwa sababu pambo la herufi ya kwanza mara nyingi huanzia nyuma ya mahali ambapo kompyuta inadhani neno linaanza.

Mistari myembamba inapotea

Hapa hesabu husaidia kuliko maelezo. Fonti nyingi huchorwa kwenye mraba uliogawanywa katika vipimo 1000. Chukua mstari mwembamba wenye upana wa vipimo 20: kwa pointi 48 utakuwa na upana wa pointi 0.96, ambao printa yoyote inaumudu. Kwa pointi 12 utakuwa pointi 0.24, yaani chini kidogo ya pointi 0.25 ambayo wachapaji wengi huihesabu kuwa kikomo cha mstari salama. Kwenye skrini, mstari huohuo kwa pikseli 16 unapata theluthi moja ya pikseli, na kwa kuwa pikseli haigawanyiki, kompyuta huuonyesha kwa kijivu hafifu. Jicho linaona vijiti vinene vilivyosimama mbalimbali bila kitu cha kuviunganisha.

Fonti ya mapambo imekusudiwa ukubwa, hivyo jibu la kweli ni kuikuza au kuiacha. Maandishi meupe juu ya rangi iliyochanganywa kwa wino nne yanahitaji unene zaidi, kwa sababu wino hutambaa na kuziba mistari, na wino mmoja ukihama kidogo tu kutoka mahali pake mstari mwembamba hupakwa rangi. Mwandiko mweusi nao uchapwe kwa wino mweusi pekee.

Kishawishi cha kubonyeza kitufe cha herufi nzito ili kunenepesha mistari kikatazwe. Fonti hizi mara nyingi zina uzito mmoja tu, yaani kiwango kimoja cha unene, na programu isipopata uzito wa pili huubuni kwa kupaka wino kuzunguka herufi nzima, hivyo vitundu vidogo vya “e” na “a” huziba na uwiano kati ya mnene na mwembamba, ambao ndio uzuri wenyewe, hufutika. Herufi za mlazo za kubuni ni balaa jingine: mwandiko tayari umelala, na kivinjari kikiulaza tena kwa nyuzi 14 unaonekana kama unaanguka. Kwenye wavuti jambo hili hutokea kimya kimya kichwa kikirithi agizo la uzito. Litamke wazi kwamba uzito ni wa kawaida.

Madoa na mistari kwenye maungio

Mkia wa herufi moja hupanda juu ya mwili wa nyingine, na maadamu rangi ni moja na haipenyi, hakuna anayeona. Ukipunguza uzito wa rangi ili ipenye, baadhi ya programu huchora kila herufi peke yake na kila ungio huwa na doa jeusi zaidi. Ukizungushia maandishi mstari wa rangi nyingine, mistari hukatiza ndani ya neno na kuonyesha mshono wa kila herufi. Kwa tatizo la kwanza, upenyaji upewe kundi zima wala si herufi. Kwa la pili, mstari wa pembeni uwekwe nyuma ya rangi ya ndani. Kwenye CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa za wavuti, agizo lake ni paint-order: stroke fill, na katika programu za vekta hupangwa kwenye paneli ya mwonekano. Mstari huo uwe mnene mara mbili ya ulivyokusudia, kwa kuwa nusu yake itafichwa.

Mashine ya kukata stika na mashine ya leza ndizo zisizosamehe. Zenyewe hufuata mpaka wa umbo, na mipaka ya herufi mbili zilizopandana ni miwili, hivyo kisu hukata “a” yote, kikahamia kwa “m” na kukata tena kupitia ndani ya mkia wa “a”. Neno linatoka vipande. Utatuzi una hatua zinazopaswa kufuatana: maliza kwanza herufi mbadala, vipengele na tahajia, kwa sababu baada ya hapo hakuna kurudi; nakili kazi na uhifadhi nakala yenye maandishi yanayoweza kuhaririwa; geuza maandishi kuwa maumbo; kisha unganisha maumbo yote kuwa moja kwa amri ya muungano, si kwa kuyafunga kundi. Inkscape na Illustrator zote zina amri hiyo. Hatimaye tazama kazi kwa mistari mitupu bila rangi, na ufuatilie kila ungio kwa jicho: panapaswa kuwa na mpaka mmoja wa nje, na mipaka ya ndani ibaki kwenye vitundu halisi vya herufi tu.

Ukiona tundu jeupe pale herufi mbili zinapopandana, maumbo yamejumuishwa bila kuunganishwa, na kanuni ya ujazo inahesabu eneo lililofunikwa mara mbili kuwa tupu. Tengua ujumuishaji huo, kisha tumia muungano.

Neno linaonekana zuri lakini halisomeki

Herufi kubwa tupu ni kosa la kwanza. Kila herufi kubwa ya mwandiko ilichorwa ianze neno peke yake, na tano zikipangwa bega kwa bega ni vita vya mikia. Kifupisho kiandikwe kwa fonti ya wima inayoendana na mwandiko, na ukurasa wa wavuti usiwe na agizo la kugeuza maandishi yote kuwa herufi kubwa.

Kiswahili kina maneno yenye vijiti vingi vinavyofuatana. Katika “mwanamume” au “mwinuko”, herufi m, w, n, i na u zote ni vijiti vinene vilivyoungwa kwa mistari myembamba, na msomaji hulazimika kuhesabu. Kwa maneno ya namna hiyo tafuta fonti ambayo “w” yake hufunga kitanzi mwishoni na “u” yake ina upana wa kutosha, na uijaribu kwa maneno yako mwenyewe kabla ya kulipa, si kwa sentensi ya mfano ya muuzaji.

Kibainishi cha ng', yaani alama ndogo ya juu inayofuata “g”, huleta hitilafu ambayo watengenezaji wengi hawakuifikiria. Katika “ng'ombe”, kanuni za calt huenda zikaona kuwa baada ya “g” hakuna herufi, zikadhani neno limekwisha, na kuipa “g” hiyo mkia mrefu wa mwisho unaopita chini ya “ombe”. Zima kipengele kwa herufi hiyo moja. Kisha sogeza kibainishi na herufi “o” kushoto, mpaka mstari wa kutokea wa “g” upite chini ya kibainishi na kuifikia “o”. Kagua pia kwamba alama yenyewe imo katika fonti, iliyonyooka na iliyopinda. Ikikosekana, programu huiazima kwingine, na unaona kijiti kinene kigeni kilichosimama wima katikati ya neno lililolala.

Kwangu iko sawa, kwa mpokeaji imeharibika

Faili lililotumwa bila fonti hufunguka kwa fonti mbadala. Tuma PDF na uthibitishe katika sifa za waraka kwamba fonti imepachikwa. Baadhi ya fonti zina alama ya ndani inayokataza kupachikwa, na kwa hizo, leseni ikiruhusu, geuza maandishi kuwa maumbo. Kazi ikibadilika kwenye kompyuta yako mwenyewe bila wewe kuigusa, angalia kama umesakinisha faili la otf na la ttf, miundo miwili ya faili za fonti, la fonti ileile kwa pamoja: majina yanagongana na programu huchukua lolote. Ondoa yote mawili, funga programu zote, anzisha kompyuta upya, na usakinishe moja tu.